Msalimie Dorsey

Detroit, 9 Februari 1997

Dada Arzella,

Kama kuna mtu Detroit nzima aliyezaliwa na bahati kunizidi, mwambie ajitokeze tupimane. Wanaume wenzangu wa kanisani wakifiwa na wake zao wanakonda, wanavaa soksi mbili zisizofanana, wanasahau jiko linawaka. Mimi ni miezi sita tangu Corrine aondoke na nalala kama mtoto aliyeshiba maziwa. Kichwa kikigusa mto, basi, habari za dunia mtanisimulia asubuhi. Machozi, hata tone. Daktari alinipima moyo, akapima tena, akaniuliza, "Bwana Threadgill, huu ni moyo wa kijana wa miaka thelathini, umeuiba wapi?" Nikamwambia risiti ninayo.

Wajane wa kanisa letu nao wamenizingira. Jumapili iliyopita nimerudi nyumbani na pai tatu za viazi vitamu. Bi. Hattie Crume akanishika mkono, akasema, "Ndugu Lem, nyumba kubwa vile utaiweza peke yako?" Nikamwambia, "Nyumba ni ndogo, dada yangu. Mimi ndiye mkubwa."

Na mazishi yale bado watu wanayazungumza. Saa tatu nzima nimesimama mlangoni, mkono wa kushoto mgongoni, glovu nyeupe za Baba mkononi, ukuta sikuuegemea. Nimegawa pepeo, nimegawa karatasi za kupangusia machozi, nimembeba shangazi yake Corrine alipozimia, nikamlaza, nikarudi kwenye nafasi yangu. Mchungaji alisema hajapata kuona mhudumu wa mlangoni wa namna hiyo. Miaka thelathini na miwili kwenye bodi ya wahudumu, Dada, na sijaomba kubadilishwa hata siku moja. Baba angevimba kichwa.

Ugumu huu nimeurithi kwa Mama. Mwanamke aliyetoka Tolliver hajawahi kuvuka mto, akaenda St. Louis peke yake, akakaa miezi minne, akarudi na kofia ya bluu yenye manyoya. Kiwandani niliwasimulia kofia ile mpaka wakaniomba niwahurumie.

Masikio yako vipi? Najua simu umeitia kabatini. Sawa tu. Barua ina raha yake, huwezi kunikatiza.

Ndugu yako mwenye bahati,
Lemuel


Tolliver, Mississippi, 21 Februari 1997

Jogoo,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka paka akatoka nje. Mara ya pili sikucheka. Mistari yako inapanda na kushuka kama barabara ya kwenda kwa Mjomba Sip, na umeimwagia kahawa mahali pane. Mtoto gani huyo aliyeshiba maziwa anakunywa kahawa nyingi vile?

Kuhusu mazishi nikwambie jambo. Mstari wa mbele, upande wa familia, kiti cha kwanza kilikuwa chako. Niliweka mkoba wangu juu yake ili watu wasione kuwa kitupu. Nikageuka nikakuona umenyooka pale mlangoni na glovu za Baba, na mimi mjinga nikajivuna. Nikasema moyoni, tazameni, yule ni mdogo wangu. Siku hizi nawaza kwamba ningeinuka nikakuvuta kwa sikio mbele ya watu wote.

Ukoo unakutana Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai. Fulana za ukoo mwaka huu ni za kijani. Uje ukaange kambare, maana aliyekaanga mwaka jana ni mume wa binamu yetu Florine na nusu ya ukoo iliomba dua kabla ya kumeza.

Unakula?

Dada yako,
Arzella


Detroit, 16 Machi 1997

Dada Arzella,

Mimi mzima kama kengele. Nakula, nashiba, nabakiza. Lakini nataka ushauri, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya rafiki.

Kuna bwana mmoja anaitwa Dorsey Pettaway. Tulifunga milango ya magari pamoja kiwandani miaka kumi na tisa, wewe humjui. Naye amefiwa na mkewe, tena Agosti hiyohiyo, tazama mambo. Sasa Dorsey amekuwa kituko. Anakaa jikoni na koti lake mwilini kama mtu anayesubiri basi. Dukani ananunua vipande viwili vya nyama, kimoja kinaozea kwenye friji. Mchana anasimama nyuma ya mlango wake, mkono mgongoni, na mtu wa posta kabla hajagonga mlango umefunguka. Juzi alimwuliza, "Mko wangapi?" Yule bwana akamjibu, "Niko mimi na bili yako ya gesi."

Dorsey alimwendea mchungaji. Mchungaji akamwambia azidishe sala. Akasali mpaka magoti yakavimba. Akamwambia kinyozi. Kinyozi akasema, "Kaka, mtu mweusi anapata wapi nafasi ya huzuni? Inamisha kichwa nikunyoe kisogo." Lakini ukutani kwa kinyozi huyohuyo pana tangazo. Wanaume wetu wanakutana Alhamisi saa kumi, chini ya maktaba, na mama mmoja mshauri, Bi. Oglesby, mweusi mwenzetu. Wanakaa wanazungumza. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Dorsey anasema kumweleza mgeni mambo ya nyumbani kwako ni mchezo wa wazungu. Anasema kwetu aliyeanza kusema alichukuliwa akafungiwa. Nimemwambia aache kudeka. Wewe unaonaje? Nauliza kwa niaba yake.

Lemuel


Tolliver, 27 Machi 1997

Jogoo,

Msalimie sana Dorsey. Nimewauliza wastaafu watatu wa kiwanda chenu walio hapa Tolliver, hakuna anayemkumbuka. Lakini kiwanda ni kikubwa, sitaki kumvunjia heshima.

Mwambie hivi. Nyonga yangu ilipovunjika niliomba, na hospitalini nikaenda, na Mungu hakununa. Mwambie kwamba kumchekesha mtu wa posta hakutoshi kwa siku nzima. Mwambie na kile kipande cha pili cha nyama akipike, amkaribishe mtu, hata huyo kinyozi mwenye mdomo.

Na Alhamisi aende. Umpeleke wewe mwenyewe umshike mkono, maana namjua Dorsey, ni mtu wa kukwepa.

Unamwambia aache kudeka. Nani alikufundisha lugha hiyo? Tulipokuwa wadogo wewe ndiye uliyelia siku tatu kwa ajili ya bata.

Nasubiri barua yake au yako, yoyote itakayotangulia.

Arzella


Detroit, 19 Aprili 1997

Dada Arzella,

Dorsey alikwenda, na hakwenda. Alifika maktaba mapema, akashuka ngazi, akasimama mlangoni. Wenzake wakaanza kuja, naye akawafungulia. "Karibu ndugu. Karibu, viti viko mbele. Karibu ndugu." Watu tisa, mmoja mmoja, aliwapokea vizuri hata wakadhani ni wa maktaba. Wa mwisho alipoingia mlango ukafungwa, Dorsey akabaki nje. Akasimama mpaka walipomaliza, akawafungulia tena watoke. Kisha akaenda nyumbani.

Nilicheka sana aliponieleza. Hajarudi tena huko.

Ila nadhani ametulia sasa. Amekuwa mkarimu ghafla, huwezi kuamini. Fimbo zake za kuvulia samaki amempa jirani. Zana zake, seti nzima, amewapa vijana wa gereji. Amelipa kila kitu, ameosha madirisha. Kuna wepesi fulani umemwingia.

Hata mimi nimekuwa nikipunguza vitu. Ndani ya kifurushi hiki utakuta glovu za Baba. Kaa nazo wewe, ndiye mkubwa. Mimi sina kazi nazo tena.

Ulikuwa dada mwema kwangu siku zote. Sijui kama nimewahi kukuambia.

Lem


Tolliver, 24 Aprili 1997
KWA HARAKA

Lemuel,

Leo sikuiti Jogoo.

Glovu zimefika saa nne asubuhi. Binti wa jirani yangu Lucille amekupigia simu mara nne mimi nikiwa nimekaa ubavuni mwake namtazama mdomo. Hupokei. Nimemfanya ampigie mchungaji wako, na mchungaji atakuja leo, tena nimemwambia asije na mahubiri, aje na godoro. Mfungulie. Mlango unajua kuufungua.

Nakata tiketi ya basi sasa hivi. Nitafika Jumamosi.

Mwulize Dorsey swali hili, kwa maneno haya, usiyapambe: "Dorsey, unafikiria kujiua?" Watu wetu wanaogopa kuuliza, wanadhani neno litampa mtu wazo. Wazo analo tayari. Swali linampa mtu wa kuongea naye. Jibu lake liandike kwenye karatasi uliache mezani, maana nikifika wewe hutapiga kelele maneno kama hayo na mimi bila kelele sisikii.

Akisema ndiyo, sitakasirika. Akisema ndiyo, nitapika.

Arzella


Nyumbani, mezani jikoni, 26 Aprili

Dada,

Nimemwuliza. Amesema ndiyo, amefikiria, tangu wiki ya Pasaka.

Bastola yake amempa mchungaji juzi ileile alipofika. Mchungaji aliifunga kwa taulo akaitoa nje kama mtoto mchanga.

Niko kwenye kochi, nimepitiwa na usingizi. Usiniamshe kwa kelele. Kuku yuko kwenye friji, vipande viwili.

L.


Tolliver, 30 Mei 1997

Jogoo,

Nimefika salama. Basi lilijaa na mama mmoja wa Memphis alinilalia begani njia nzima, sikumwamsha.

Nimekaa kwako wiki nne na tumezungumza habari za Dorsey kila siku. Dorsey amekula nini. Dorsey amemeza dawa yake. Alhamisi nilimsindikiza Dorsey mpaka ndani, nikamwona ameketi, ndipo nikapanda juu kungoja kwenye vitabu. Siku ulipopika uji wa mahindi ukasema, "Dorsey ameomba siagi zaidi," nilikwenda bafuni nikafungua maji, nikakaa huko mpaka uso ukakauka.

Sasa kuna jambo nililokuja nalo Detroit nikarudi nalo. Wewe husemi kwa kelele na mimi siwezi kulisema nikikutazama usoni. Hebu liwe la barua.

Umejigamba maisha yako yote kwamba Mama alikwenda St. Louis. Mama hakuwahi kuiona St. Louis. Mwaka ule wa 1947, baada ya kumzika mtoto Ruthie, aliacha kula, akaacha kusema, akawa anatandika kitanda cha mtoto asubuhi na kukitandua mchana. Walimchukua hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo, upande wa weusi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi. Baba alituweka jikoni akasema, mama yenu yuko St. Louis kwa shangazi. Mimi aliniapisha. Wewe alikuacha uamini.

Watu wengi wa kwetu waliingia mahali pale wasitoke. Kwa hiyo Baba hakukosea kuogopa. Kila Jumamosi alivaa suti yake na glovu, akapanda gari la watu wa pamba, akasimama kwenye geti lile mkono mgongoni kutwa nzima, hasemi neno. Jumamosi kumi na sita. Nadhani walichoka kumwona. Kofia ya bluu aliinunua yeye, njiani, siku waliyomtoa, ili Mama awe na kitu cha kuonyesha.

Mama alipona, Lem. Si kabisa, lakini alicheka tena, uliona mwenyewe. Kosa letu ni kwamba hatari ilipita na sisi tukaendelea kunyamaza, mpaka tukaona kunyamaza ndiyo tabia njema.

Na kile kidonge changu cha asubuhi, ninachokuambia ni cha presha. Si cha presha, ni cha huzuni. Nakimeza tangu mwaka themanini na moja.

Glovu nimezifua, nazirudisha. Baba alitufundisha ishara kumi na moja za mlangoni. Wewe umetumia kumi. Ile ya kumi na moja unaijua: kiganja cha kulia juu ya moyo, vidole viwili vimenyooka. Maana yake, nimechoka, njooni mnibadilishe. Kwenye bodi zetu zote, kutoka hapa mpaka huko, akiiona mwenzako anakuja, haulizi sababu. Ishara hiyo nayo ni kazi ya mhudumu.

Msalimie Dorsey.

Arzella


Tolliver, 20 Juni 1997

Jogoo,

Wiki tatu kimya. Binti wa Lucille anasema akipiga unapokea, unasema "nipo," unakata. Sawa. "Nipo" inanitosha, naiandika kwenye kalenda kila jioni.

Florine anaagiza fulana. Dorsey anavaa saizi gani?

A.


Detroit, 5 Julai 1997

Dada Arzella,

Nilikukasirikia wiki tatu, na wiki moja zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Si kwa hospitali. Ni kwa ile kofia. Nilikuwa nimeijengea mji mzima, Dada, na barabara zake na taa zake, na Mama akipita katikati anasalimiwa na watu. Nikatembea nayo kichwani siku nyingi. Kisha nikamwona Baba kwenye geti, na yeye simwondoi tena. Afadhali Baba kuliko St. Louis.

Sasa sikiliza ya Alhamisi.

Kule chini ya maktaba nami nimekuwa nikimzungumzia Dorsey. Usinicheke. Wiki nane. Bi. Oglesby ana misuko mpaka kiunoni na umri sawa na viatu vyangu vya kanisani, lakini ana subira ya ng'ombe. Kila wiki, "Na Dorsey anaendeleaje, Bwana Threadgill?" Nami natoa ripoti. Wenzangu wamemzoea. Kuna mzee mmoja, Wardell Simms, mstaafu wa posta, mkubwa kama kabati, Mmethodisti. Wiki iliyopita alisema, "Huyo Dorsey mleteni hapa, ana mambo mengi kuliko sisi sote, na mchango wa kahawa hatoi."

Juzi Bi. Oglesby hakuuliza habari za Dorsey. Aliniuliza, "Siku ya mazishi ya Corrine, wewe ulikaa wapi?"

Nikafungua mdomo nitoe mzaha. Unanijua, mimi mzaha haujawahi kuniishia. Haukuja. Nikatafuta mwingine. Nao haukuja. Nikaona mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe, sikuutuma, ukalala juu ya moyo, vidole viwili vikanyooka. Mmoja akasema, "Leteni maji, ni moyo huo."

Wardell akasema, "Si moyo. Kaeni chini."

Akainuka. Magoti yake yanalia kama mlango wa banda. Lakini alikuja kwa ile hatua, Dada, ile ya taratibu, ya watu wa mlangoni, sikujua kama Wamethodisti wanaiweza. Akasimama kando ya kiti changu, akageuka akautazama mlango, mkono wa kushoto ukaenda mgongoni. Akasema, "Nimekubadilisha, ndugu. Nenda kakae na familia."

Mimi nilikuwa nimekaa tayari. Lakini nilikaa.

Nililia mpaka karatasi za Bi. Oglesby zikaisha, mtu akaenda kuleta za chooni. Nilimwita Corrine kwa jina, kwa sauti, mbele ya wanaume tisa. Hakuna aliyekuja kunichukua. Na Wardell hakutoka pale mpaka saa ikafika. Nikamwambia, "Umesimama muda mrefu, mzee." Akasema, "Wewe umesimama miezi kumi na moja, mimi utanihesabia dakika arobaini?"

Nitapanda basi Alhamisi, nikitoka kwa Bi. Oglesby. Jumamosi nitakaanga kambare. Mume wa Florine akae mbali na mafuta yangu. Glovu nitakuja nazo, lakini kama kuna ibada ya ukoo mtafute mtu mwingine wa mlangoni, mimi nitaketi na wewe, mkoba wako uweke sakafuni.

Fulana ni saizi kubwa ya pili. Moja tu. Dorsey haji. Dorsey hayupo, hajawahi kuwepo, na najua unajua, lakini alinifaa na nitamkumbuka.

Na ile barua yangu ya Februari. Sikwenda kwa daktari yeyote, moyo wangu hakuna aliyeupima. Pai za wajane nilizitupa zote tatu bila kuzionja. Tangu Agosti sikuwa nimelala usiku hata mmoja ukaisha. Kalamu niliishika kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Bahati niliyokuandikia sikuwa nayo, Dada. Nilidanganya.

Lemuel